Nanga Imekataa Nyangwe

Jumatatu, 1 Novemba 1948

Treyi imevunjika. Ile mashini ya kukunja munyororo wa nanga, pale mbele ya mashua. Naandika saa kwanza, juu wakubwa wa kompanyi watauliza: saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi.

Tangu jana tulikuwa tumesimama katikati ya muto, mbele ya Nyangwe. Maji bado madogo, muchanga unazuia mashua kufika kando. Mupunga ukaletwa na mitumbwi, magunia mia moja na arobaini. Leo Kapiteni akasema basi, tuteremuke Kibombo. Baharia Placide na wenzake watatu wakashika mikono ya treyi, wakazungusha. Munyororo ukakaza. Wakazungusha tena — jino la gurudumu likakatika, paa! Mukono wa chuma ukarudi nyuma na nguvu zake zote, ukamupiga Placide. Munyororo ukakimbilia majini, cheche zinaruka, mpaka pete ya mwisho. Mashua ikashituka.

Placide alikaa chini akaangalia mukono wake. Ulikuwa umepinda pahali ambapo hakuna kiungo. Ananiita yaya, ni kusema kaka mukubwa. Akaniambia: "Yaya Faradji, ona, nimepata kiwiko cha pili." Mutu huyu wa Kabambare hawezi kuacha muzaha hata akiumia. Halafu akazimia.

Nikamufunga na vipande viwili vya ubao na shuka. Nilikaza mafundo sita, moja-moja. Wenzangu wakasema karani ana roho nguvu. Si roho nguvu. Sikusikia kitu. Tangu walipomuzika Nuru, muke wangu, niko hivi. Chakula ni chakula. Damu ni damu. Jua linatoka, naandika tarehe.

Placide amepelekwa Kasongo kwa munganga, na mutumbwi wa Wagenya, wavuvi wa hapa. Siku mbili za kupiga kafi kupanda muto. Alilia wakati wa kumuteremusha. Nilishika miguu yake.


Jumanne, 2 Novemba

Nanga ina kilo mia tatu. Munyororo sijui.

Wenzetu walimuomba Kapiteni aukate munyororo, twende. Kapiteni akakataa. Alisema hatuna nanga nyingine, ya pili ilipotea Kibombo mwaka jana, na kwenye njia ya Kibombo kuna mawe: mashua isiyo na nanga ikizimika moto pale, watu wote watakwenda kuhesabiwa na samaki. Kapiteni huyu ni mupya, alikuja mwezi wa kumi, lakini hapo alisema kweli.

Basi wakavuta kwa mikono. Watu kumi na wanne, mabaharia na abiria. Hata hadji mumoja muzee alikunja kanzu akashika. Walipata kama hatua sita za munyororo, halafu ukasimama kabisa. Wakavuta. Wakaimba. Munyororo ukawanyang'anya hatua zote sita na ngozi ya viganja. Mara tatu hivyo. Nilileta mafuta ya mawese wapake.

Atumani, mekanisiye wetu, alifungua treyi yote, akaipanga vipande-vipande juu ya gunia, akaja kwangu na lile jino mukononi.

"Karani, unakumbuka ile barua? Tuliwaomba watu wa atelye Kindu watutengenezee gurudumu jipya. Walijibu?"

"Bado," nilisema.

"Watu wa Kindu!" Akacheka kidogo akarudi kazini.

Halafu nikaingia biro, chumba changu cha kazi, nikafungua faili. Barua iko. Iko chini ya karatasi za mupunga, ndani ya bahasha yake, imefungwa vizuri. Niliiandika Kibombo, tarehe 27 Septemba. Ilikuwa iende na treni ya tarehe 29. Na tarehe 29 ndiyo habari ya Nuru ilinifikia Kibombo — kwamba homa ilimushika siku tatu, na kwamba jana yake wamekwisha kumuzika Kasongo. Sikumbuki tena nilifanya nini na karatasi siku ile. Sasa najua. Niliiweka kwenye faili.

Nimeirudisha palepale. Nimekula muhogo.


Jumatano, 3 Novemba

Kapiteni ametafuta mutu wa kuzama. Wakamuleta Bulaimu, Mugenya, mutu wa miaka arobaini hivi, kifua sawa ngoma. Aliuliza kwanza: nanga imekaa huko siku ngapi? Tukasema tatu. Akasema: "Basi bado mugeni. Haijapata bibi." Watu wakacheka.

Maji ni sawa chai ya maziwa, hakuna kuona. Alishika munyororo, akashuka nao kama mutu anayeshuka ngazi. Mara ya kwanza akarudi upesi. Mara ya pili Atumani alihesabu mpaka themanini na tano. Mara ya tatu alirudi na damu puani, akalala juu ya sakafu, akaanza kusema na macho yamefungwa.

Chini kuna muti. Muti mukubwa ulioanguka zamani, umezikwa nusu ndani ya muchanga, mugumu sawa chuma. Nanga imeingiza kidole chake chini ya muti. Kadiri tunavyovuta mbele, ndivyo kinavyozidi kuingia.

"Hamuvuti nanga," alisema. "Munavuta Nyangwe yote."

Wakati anavaa, akanipa sahani iliyofungwa kitambaa. Wali na samaki. "Mama mukwe wako, Mama Waridi, anakusalimu. Anasema mashua yako anaiona kutoka mulangoni. Anasema kama una kidonda muguuni, umwambie, yeye atakuja."

Nyumba yake iko juu pale, ya tatu baada ya musikiti. Mimi pia naiona kutoka huku. Sijashuka.

Nikasema: mwambie asante, samaki ni mutamu. Nilikuwa sijafungua sahani.


Alhamisi, 4 Novemba

Mvua. Maji yamepanda shibiri moja. Hakuna kazi ya nanga.

Kapiteni aliniita kabini. Alisema kwa Kifaransa, nikaandika na mashini. Raporo, taarifa kwa wakubwa wa kompanyi. Kwamba treyi imeharibika juu mekanisiye Atumani hakuitunza, wala hakuomba kipande kipya kwa wakati. Kwamba mutu mumoja ameumia vibaya. Kwamba anaomba Atumani afukuzwe, kosa liandikwe katika buku yake ya kazi, na korti ya Kasongo ijulishwe. Hiyo korti ni jela. Miezi miwili, labda mitatu.

Katikati Kapiteni alisimama akauliza: "Mekanisiye anasema mulituma barua Kindu. Iko nakala?"

"Nitatafuta, Bwana Kapiteni."

"Tafuta. Sasa andika."

Nikaandika. Ukurasa mumoja na nusu. Sikukosea herufi hata moja. Kapiteni alisifu.

Itaondoka na mutumbwi wa posta Jumatatu.


Ijumaa, 5 Novemba

Mvua imekatika. Waislamu wote wa mashua walishuka kusali Ijumaa. Nilisema nitabaki kulinda. Kulinda nini, sijui. Mashua haiwezi kwenda popote.

Walipokuwa huko, mutumbwi ukaja. Mama Waridi! Mutu mumoja anapiga kafi, yeye amekaa katikati, wima, kitambaa cheupe kichwani. Nilimushika mukono apande. Nikamuwekea kiti kivulini, nikachemusha chai.

"Mukwe wangu," alisema, "siku tano mashua imekaa mbele ya mulango wangu. Naona hata rangi ya shati lako. Nikafikiri labda nanga imekushika weye."

"Kazi ni nyingi, mama."

"Kazi."

Alikuwa amekonda. Alisema kesho ni arobaini ya mutoto wake, watasoma hitma nyumbani, wamepata mbuzi. Akauliza kama nitakuja. Nikasema nitakuja.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikuuliza. Siku ile ya mwisho, asubuhi, yeye akimuuguza kule Kasongo, Nuru alikuwa anauliza: mashua imefika wapi? Mama Waridi akamudanganya. Akamwambia imefika Nyangwe, iko inapanda, kesho itakuwa Kasongo. Nuru akasema: basi, ningoje. Kabla ya adhuhuri akachoka kungoja.

Na mimi siku ile nilikuwa Kibombo. Nilikuwa napima magunia.

"Nimebeba hiyo peke yangu siku thelathini na tisa," alisema Mama Waridi. "Leo nimekuletea upande wako."

Nilingoja nisikie kitu. Niliangalia maji. Kulikuwa na tawi linapita, na ndege mweupe juu yake, amesimama kama abiria. Nilingoja. Mama Waridi naye alikuwa anangoja, anaangalia uso wangu.

"Faradji. Huna hata neno moja?"

Nikasema: "Chai yako inapoa, mama."

Aliangalia kikombe muda murefu. Akakimwaga muto­ni, akakiweka chini polepole, akaita mutumbwi wake. Hakutaka nimushike mukono.


Jumamosi, 6 Novemba

Siku ndefu. Naandika nikiwa nimekaa juu ya magunia, jua bado liko.

Asubuhi Atumani alileta akili mupya. Alisema: mikono yetu ni dhaifu, lakini mashua yenyewe ina nguvu. Tubebe mupunga wote tuuweke mbele. Mbele itazama. Hapo tuvute munyororo mpaka ukaze, tuufunge na chuma. Halafu turudishe mupunga wote nyuma, na watu wote nyuma. Mbele itapanda — na ikipanda, itapanda na nanga.

Kapiteni alichora kwenye karatasi, akakuna kidevu, akasema sawa.

Tukabeba. Magunia mia na arobaini kwenda mbele. Wanawake abiria wakabeba vyungu, wakabeba kuku, wakasema uzito ni uzito. Mbele ikashuka shibiri mbili na nusu. Munyororo ukavutwa, Atumani akapitisha chuma ndani ya pete. Kisha magunia yote kurudi nyuma. Mimi pia nilibeba. Gunia la kumi, la kumi na tano. Munyororo ukaanza kulia — sauti nyembamba, sawa mubu. Watu wote tulisimama nyuma tumebanana, hakuna anayepumua. Mashua ikainuka kidogo...

Haikutoka. Chuma kikapinda sawa ukambaa. Kikaruka! Kikapita juu ya vichwa vyetu kikaanguka majini mbali. Hakuna aliyeumia. Mutu mumoja alianza kucheka akashindwa kuacha.

Adhuhuri tukashuka kwa hitma, mimi, Atumani na wengine sita. Kanzu nilikopa. Nyumba ya Mama Waridi ilijaa. Nilikaa na wanaume barazani. Walisoma. Baadaye watu wakaja kunipa mukono, mumoja-mumoja, na kila mumoja baada ya "Mungu amurehemu" aliuliza: na nanga je? Nikaeleza. Muti, kidole, munyororo. Nilieleza vizuri sana. Mulangoni kwa ndani niliona kamba, na kanga mbili za Nuru zimetundikwa, ile ya njano na ile ya majani. Nikaendelea kueleza.

Ndipo nikaona Atumani analia. Hakuficha. Amekaa karibu na nguzo, machozi yanashuka ndani ya ndevu. Kila safari Nuru alikuwa anamutumia vitumbua, anasema mekanisiye akishiba mashini haiharibiki. Alikuwa analia kwa ajili ya muke wangu, na mimi niko na sahani ya wali mapajani.

Tuliposhuka kwenda kwenye mutumbwi, wengine wakiwa mbele, nikasema.

"Barua haikuenda."

"Barua gani?"

"Ya treyi. Haikuenda Kindu. Iko kwenye faili langu. Siku ya treni ndiyo siku niliyopata habari."

Alisimama. Akaniangalia sawa mutu anayesoma maandishi madogo.

"Na Kapiteni je? Alichoandika Alhamisi?"

"Raporo. Inasema kosa ni lako. Anaomba ufukuzwe. Na korti."

"Nani aliandika?"

"Mimi, na mashini."

"Ukijua barua iko wapi?"

"Nikijua."

Alifuta uso na kofia yake. Machozi yalikuwa yaleyale, ya Nuru, hayajakauka. Alisema polepole:

"Barua ningekusamehe. Mutu akifiwa anasahau hata njia ya nyumbani. Lakini raporo, Faradji! Siku ile ulikuwa umekaa kwenye kiti. Watoto wangu watano unawajua kwa majina."

Akaingia kwenye mutumbwi, akakaa mbele kabisa, mugongo kwangu. Hajaniambia neno tena.

Viganja vyangu vimechubuka na magunia. Naona ngozi imetoka. Kushika kalamu si rahisi.


Jumapili, 7 Novemba

Saa mbili asubuhi nilipiga hodi kwa Kapiteni. Alikuwa ananyoa ndevu. Nikaweka barua mezani, na bahasha yake. Nikasema: "Mekanisiye aliomba kipande kwa wakati. Karani hakupeleka."

Alisoma. Povu likakauka shavuni. Nilifikiri atapiga kelele. Hakupiga. Aliuliza kama ninajua Placide anaweza kupoteza mukono. Nikasema najua. Akauliza kwa nini sikusema Alhamisi. Nikasema sijui. Hiyo ni kweli, ndiyo iliyomukasirisha. Akachana ile raporo vipande vinne.

"Utaandika mupya. Weye mwenyewe. Uandike nani, tarehe gani, na sababu. Kompanyi haikubali 'alisahau'. Iwe tayari kesho, posta inaondoka."

Basi nimekaa hapa. Mashini mbele yangu, karatasi ndani. Nje wanafanya kazi, nasikia yote.

Bulaimu amekuja tena. Yeye ndiye aliyesema jana kwamba nanga iliyoingia kwa kichwa itatoka kwa matako. Leo amezama na kable ya chuma, ameifunga kwenye kisigino cha nanga, upande wa nyuma. Mara nne alizama. Mara ya nne alikaa sana chini mpaka watu wakaanza kuvua mashati kumufuata — akatokea mbali, nyuma ya mashua, anatapika maji, amenyoosha kidole gumba juu. Watu walipiga kelele za furaha! Sasa munyororo wameulegeza. Wanakaza kable, mbele. Mupunga wote uko mbele tena, nimesikia miguu inapita juu ya kichwa changu asubuhi yote. Sakafu ya biro imeinama, kalamu zinateleza kwenda mulangoni.

Nimeandika kwa Kifaransa: barua ya tarehe 27 Septemba haikupelekwa. Kosa ni la karani Faradji. Mekanisiye Atumani hana kosa lolote. Mistari hiyo ilikwenda haraka.

Halafu: Sababu.

Kwa mashini nimekwisha kuandika kifo mara nyingi. Baharia aliyezama Kibombo. Abiria wa homa, mwaka wa 46. Maneno yake nayajua, yako tayari vidoleni. Nimeandika "muke wake". Nimeandika tarehe. Nimeandika N. Nimeandika u.

Viganja vinauma. Tangu asubuhi vinauma, lakini sasa vinauma mpaka kwenye mabega, sielewi. Nimeacha mashini, nimechukua buku hii.

Wanarudisha magunia nyuma. Sakafu inaanza kunyooka. Kable inalia, sauti nzito kuliko ya jana. Kapiteni anapiga kelele: polepole! Sasa ni watu. Atumani anawaita wote waende nyuma, mabaharia, abiria, wanawake, mupishi, aache chungu aje. Anasema bado kidogo tu, nanga imetikisika, ameisikia na muguu wake. Mashua inatetemeka yote, wino unatetemeka. Kilo zangu ni hamsini na tisa.

Anasema bado mutu mumoja.

Wanangoja.

Nasimama, kalamu bado mukononi. Atumani ameita jina lan